"Karibu" Pekee Haitoshi: Kiswahili katika Viwanja vya Ndege vya Kenya

Mgeni anayeteremka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hulakiwa kwa Kiswahili hata kabla hajaifikia meza ya afisa wa uhamiaji. Karibu. Neno hilo limo katika mabango, limefumwa katika vikapu na vitambaa vinavyouzwa madukani, na limo vinywani mwa wahudumu. Watalii wengi huondoka nchini wakiwa wamejifunza maneno matatu au manne ya lugha ya taifa, na aghalabu yote ni ya salamu na ukaribisho. Si aibu kwa taifa kujulikana kwa ukarimu wake. Lakini mlango huohuo hupitwa na wenyeji pia. Hupita bi mkubwa wa Lamu anayekwenda Hija, msichana wa Busia anayekwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, na mzee wa Kitui anayempeleka mkewe India kutibiwa. Hawa hawana haja ya kukaribishwa kwao. Haja yao ni kuelezwa, kwa lugha wanayoifahamu barabara, wafanye nini mzigo ukipotea, safari ikifutwa, au hatari ikizuka angani. Hapo ndipo Kiswahili kinapoishia njiani na Kiingereza kikashika usukani.

Ni vyema kwanza kubainisha ni nani anayestahili kuulizwa, kwani Wakenya wengi huzichanganya taasisi mbili. Ipo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1991. Hii ndiyo inayoviendesha viwanja vyenyewe, kuanzia Embakasi na Wilson jijini Nairobi, Moi kule Mombasa, Kisumu na Eldoret, hadi Malindi, Wajir na kile kiwanja cha Manda ambapo abiria akishatua hulazimika kupanda mashua ndipo afike mji wa Lamu. Kisha ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2002 na ambayo sasa hufanya kazi chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013. Hii hutoa leseni kwa marubani na mashirika, hutunga kanuni, huongoza ndege angani na hukiendesha Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki pale Embakasi.

Nchini Uganda mambo ni tofauti: mamlaka moja ndiyo inayosimamia usafiri wa anga na ndiyo inayouendesha uwanja wa Entebbe. Utaratibu wa Kenya una busara zaidi, maana mchezaji hafai kuwa mwamuzi wa mchezo wake mwenyewe. Hata hivyo utengano huo umeacha ufa, na lugha imetumbukia humo. Mwenye kiwanja aweza kusema kwamba yanayotangazwa ndani ya ndege si yake, bali ni ya shirika. Shirika nalo laweza kusema kwamba linafuata kanuni. Mtunga kanuni aweza kusema kwamba kanuni za usafiri wa anga hutoka Montreal, yaliko makao ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Abiria aliyeuliza swali dogo kwa Kiswahili anajikuta amepelekwa Kanada! Na ieleweke kwamba abiria huyo si ombaomba. Ada ya huduma anayotozwa ndani ya nauli yake hugawiwa mamlaka hizi zote mbili.

Kiingereza cha viwanja vya ndege kina historia yake, na si historia ya kushangaza. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na sehemu ya sulubu ya kuujenga ilifanywa na mahabusu wa vita vya Mau Mau katika miaka ya Hali ya Hatari. Waliochimba na kusawazisha ardhi ile hawakutarajiwa kamwe kuwa abiria. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1946, liliwahudumia hasa maafisa, walowezi, wafanyabiashara na watalii. Jengo jipya la abiria likafunguliwa mwaka 1978, na mwaka huohuo uwanja ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Shirika lile la pamoja lilikuwa limekwisha kufa mwaka mmoja kabla, pamoja na Jumuiya iliyolilea. Katika muda huo wote lugha ya uwanja ilimfuata mteja, na mteja alikuwa mwenye Kiingereza. Leo mteja amebadilika. Ndege inayoondoka Nairobi kuelekea nchi za Ghuba hubeba vijana wengi ambao siku hiyo ndiyo ya kwanza kwao kuingia ndani ya ndege. Wameacha shule katika madaraja mbalimbali. Kiingereza walisoma, naam, lakini kuna tofauti kubwa baina ya Kiingereza cha kujibia mtihani na Kiingereza cha masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo mgongoni mwa tikiti.

Kisheria, abiria huyo hana upungufu wowote. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha inakifanya lugha rasmi sawia na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na kile alichokilipia. Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 nayo inazitaka taasisi za umma, zinapotoa habari, zizingatie lugha ya watu wa mahali husika. Vifungu hivi vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi mamlaka ya umma inavyoweza kutosheka na kanuni, fomu na maelezo yaliyomo katika lugha moja tu kati ya mbili zilizo rasmi. Au je, neno "rasmi" lina maana moja kwa Kiingereza na maana nyingine kwa Kiswahili?

Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni suala la heshima ya lugha tu, suala la kuwapendeza wapenzi wa Kiswahili. La hasha. Ni suala la mali, na wakati mwingine la uhai.

Tuchukue mali kwanza. Kenya imeridhia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaoeleza wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria wa safari za kimataifa. Chini ya mkataba huo, abiria ambaye mzigo wake umeharibika anapaswa kulalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu alipoupokea. Mzigo ukichelewa, muda wa kulalamika ni siku 21 tangu alipokabidhiwa. Mzigo usipofika kabisa baada ya siku 21, abiria anaweza kuudai kana kwamba umepotea. Kiwango cha juu cha fidia ya mizigo, ambacho huhesabiwa kwa kipimo maalumu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kilipandishwa tarehe 28 Desemba 2024 hadi 1,519 kwa kila abiria, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Na anayetaka kwenda mahakamani ana miaka miwili tu.

Huo ni mkataba wenye manufaa makubwa kwa mnyonge. Tatizo ni kwamba matini yake rasmi yako katika Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kirusi, Kiarabu na Kichina. Msichana aliyerejea kutoka Riyadh baada ya miaka miwili, akafungua sanduku lake na kukuta limepasuliwa na zawadi za wanawe hazimo, atalia, ataulizauliza, ataambiwa arudi Jumatatu. Akirudi mara ya pili siku 7 zitakuwa zimepita, na kwa kukosa barua moja ya mistari mitano haki yake itakuwa imekufa. Hakuna aliyemdanganya. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuweza kuitegemea siku ya taabu.

Yapo mabango katika vituo vya matatu yanayoeleza kwa Kiswahili chepesi wapi pa kulalamika nauli ikipandishwa kiholela. Abiria wa shilingi hamsini anaelezwa. Abiria aliyeuza ng'ombe wawili apate nauli ya ndege anaachiwa Kiingereza.

Hapa pingamizi kubwa hujitokeza, na ni pingamizi la haki. Wataalamu wa usafiri wa anga watasema kwamba Kiingereza hakikuwekwa kwa kasumba, bali kwa usalama. Wana ushahidi mzito. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa za abiria ziligongana chini katika ukungu na watu 583 wakafa. Ajali nyingine ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo haijatokea. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa kauli moja ya redioni. Rubani msaidizi wa ndege ya Kiholanzi alisema kwa Kiingereza chenye utata kwamba sasa wako katika kuruka. Mwongozaji aliyekuwa mnarani akaelewa kwamba wamesimama tayari kuruka, ilhali ndege ilikuwa imekwisha anza kukimbia. Tarehe 25 Januari 1990 ndege iliyotoka Kolombia ilianguka karibu na New York kwa kuishiwa na mafuta, watu 73 wakafa. Marubani walikuwa wametaja upungufu wa mafuta na kuomba wapewe kipaumbele, lakini neno la kutangaza dharura, lile ambalo mwongozaji alifunzwa kulitii papo hapo, hawakulitamka. Misiba ya namna hii ndiyo iliyolifanya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kuweka vipimo vya umilisi wa lugha kwa marubani na waongozaji wa safari za kimataifa, vipimo vilivyoanza kudaiwa rasmi mwezi Machi 2008.

Hakuna mwenye akili timamu atakayependekeza kwamba rubani wa Kituruki anayekaribia Nairobi usiku wa mvua aelekezwe kwa Kiswahili. Redioni Kiingereza kibaki. (Ingawa hata hapo hoja ya usalama si ukuta usio na mlango. Kanuni za kimataifa zenyewe huruhusu lugha ya kituo cha ardhini kutumika redioni, mradi Kiingereza kipatikane anapokihitaji rubani. Nchini Kanada marubani walifanya mgomo mwezi Juni 1976 wakipinga Kifaransa kutumika katika anga ya Quebec kwa kisingizio cha usalama. Tume iliyochunguza jambo hilo ikahitimisha mwaka 1979 kwamba lugha mbili zaweza kutumika bila kuhatarisha ndege.) Lakini bi mkubwa wa Lamu hazungumzi redioni. Amefunga mkanda katika safu ya ishirini na saba. Hoja iliyotungwa kwa ajili ya chumba cha rubani imepenyezwa kimyakimya hadi kwenye kiti cha abiria, hadi dirisha la kulalamikia mizigo, hadi tovuti ya mamlaka, mahali ambapo haina kazi yoyote. Usalama wa rubani ni kusikilizana na mnara. Usalama wa abiria ni kumwelewa mhudumu.

Na uhai? Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, ikiwa njiani kutoka Addis Ababa kuja Nairobi, ilitekwa nyara na vijana watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakumwamini. Mafuta yalipokwisha, ndege ikatua baharini karibu na ufuo wa Ngazija, katika visiwa vya Komoro, ikavunjika vipande mbele ya macho ya watu waliokuwa pwani. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo abiria waliokuwa wamejaza upepo majaketi yao ya kuokolea maisha wangali ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini wakashindwa kupiga mbizi ili watokee mlangoni.

Haitakuwa haki kudai kwamba lugha ndiyo iliyowaua. Hofu humsahaulisha hata msomi, na ndani ya ndege ile palikuwa na wanaume wenye shoka. Hata hivyo sentensi iliyokuwa na uhai wa watu ndani yake ilikuwa fupi mno: vaa jaketi, lakini usilijaze upepo mpaka uwe nje ya ndege. Katika kila safari sentensi hiyo husemwa kwa haraka, kwa sauti iliyozoea, huku abiria wakitafuta mahali pa kuweka vifurushi vyao. Mtu aliyeisikia kwa lugha anayoiota usiku ana nafasi bora ya kuikumbuka wakati wa kiwewe kuliko aliyeisikia kwa lugha anayoitafsiri kichwani. Katika baadhi ya ndege zinazotoka Nairobi na Mombasa Kiswahili husikika, na wanaokitumia wanastahili pongezi. Lakini mara nyingi kinachosemwa ni salamu, jina la rubani na hali ya hewa ya mwendako, kisha maelekezo mazito yakarejea Kiingereza. Isingepasa jambo hili kuachwa liwe hisani ya shirika. Mamlaka inayotoa leseni ina uwezo wa kuliweka katika masharti ya leseni.

Pingamizi la pili hutolewa na watu wa nyumbani, tena wakati mwingine na wasomi wa Kiswahili wenyewe: eti lugha hii haina istilahi za anga. Pingamizi hili linasikitisha zaidi kuliko lile la kwanza, maana linatoka kwa watu wanaopaswa kujua. Lugha ya anga ya dunia nzima imekopa kutoka baharini, na Kiswahili kilikuwa baharini karne nyingi kabla ndege hazijaundwa. Rubani ni neno la mabaharia, mtu aliyezijua kina na miamba ya mlango wa bandari. Lilipopanda angani halikuhitaji kubadilishwa hata herufi. Abiria, nahodha, shehena, usukani na safari vilimfuata. Na ndege yenyewe, je? Badala ya kukopa jina la mtambo kutoka Ulaya, wasemaji walimtazama kiumbe mwenye mabawa wakaona kwamba jina analo tayari. Lugha iliyofanya hivyo haiwezi kushindwa na fomu ya kudaia mzigo.

Kinachopungua ni usanifishaji. Kenya husema uwanja wa ndege, Tanzania kiwanja cha ndege. Pale ndege inapokimbilia kabla ya kuruka, huyu huita njia, yule barabara. Hizo ni tofauti ndogo zisizomdhuru mtu. Zipo nyingine zenye madhara. Katika mazungumzo ya kawaida, na hata katika taarifa za habari, husemwa kwamba safari "imeahirishwa" bila kubainisha kama imesogezwa mbele kwa saa mbili au imefutwa kabisa. Kwa abiria hizo ni hali mbili tofauti. Katika hali ya kwanza anasubiri. Katika ya pili anaweza kudai nauli yake. Mtangazaji wa uwanja anayetamka neno moja kwa hali zote mbili anamwacha abiria gizani hata kama ametumia Kiswahili. Kwa hiyo kutafsiri tu hakutoshi. Inatakiwa kazi ya wanaistilahi, na kazi hiyo ina wenyewe katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu, ambako kila mwaka wanafunzi huandika tasnifu juu ya istilahi za kilimo, za tiba na za kompyuta, kisha tasnifu hizo zikapigwa vumbi katika rafu. Chuo cha Usafiri wa Anga kiko Embakasi, safari fupi ya matatu kutoka katikati ya jiji. Ni vigumu kueleza kwa nini idara na chuo hicho visijuane.

Jirani wa kusini ameshapiga hatua. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kuifanya lugha ya sheria kuwa Kiswahili. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya huko huzungumza na wananchi kwa Kiswahili kama jambo la kawaida, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga ambalo kazi yake ni kumtetea abiria na kumwelimisha haki zake. Ndege za Tanzania hazianguki kwa sababu hiyo, wala watalii hawakuacha kwenda Kilimanjaro na Zanzibar. Mkenya hupenda kujivunia kwamba uwanja wake ni kitovu cha usafiri wa kanda hii, na pengine ana haki ya kujivunia. Lakini katika jambo hili kitovu kimeachwa nyuma na pembezoni.

Gharama ya kuwaacha wananchi nje ya lugha ya viwanja vyao ilionekana waziwazi mwaka 2024. Katikati ya mwaka huo ilifichuka kwamba kampuni ya Adani ya India ilikuwa imependekeza kukabidhiwa uwanja wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.85. Tarehe 11 Septemba wafanyakazi wa viwanja waligoma, abiria wakakwama, na tarehe 21 Novemba Rais William Ruto akatangaza kwamba mpango huo umefutwa. Makala haya hayakusudii kupima kama mpango ule ulikuwa mwema au mbaya. Linalostahili kutazamwa ni jinsi ulivyojadiliwa. Nchi nzima iliujadili kwa Kiswahili, redioni, ndani ya matatu, vinyozini na sokoni, huku hati zenyewe zikiwa katika Kiingereza cha wanasheria na wahasibu. Mtu wa kawaida alilazimika kuchagua amwamini msemaji gani, kwa vile kujisomea hakuweza. Serikali ililalamika kwamba uvumi umeenea. Uvumi hustawi mahali ambapo maelezo hayakufika, na hayakufika kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kuyaandika kwa lugha ya wenye mali.

Yanayotakiwa si makubwa, na baadhi yake hayahitaji hata Bunge. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inaweza kuagiza kwamba kila ndege ya abiria inayoondoka katika kiwanja cha Kenya itoe maelekezo ya usalama kwa Kiswahili pia, kwa sauti ya mtu au kwa ukanda uliorekodiwa, na kwamba kadi iliyo mfukoni mwa kiti mbele ya abiria iwe na maandishi ya Kiswahili kando ya picha zake. Mashirika ya kigeni hayatashindwa. Mengi yao huajiri wahudumu wa kila taifa na hujivunia kutangaza kwa Kiarabu, Kifaransa au Kihindi kulingana na njia wanayoipita. Hawajatangaza kwa Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyewadai. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege nayo inaweza kuweka, katika ukumbi wa kupokelea mizigo na mahali pa wazi, bango moja kubwa la Kiswahili linaloeleza zile siku 7 na zile siku 21, pamoja na fomu ya madai ambayo mtu aliyeishia darasa la nane ataijaza bila kumtafuta wakili. Iwekwe Embakasi, iwekwe Mombasa, iwekwe pia Manda, ambako pengine ndiko itakakosomwa na watu wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya wanaopita.

Kuhusu istilahi, ni afadhali kazi ifanywe na kanda nzima kuliko kila nchi kujitungia yake. Nyenzo zipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa usafiri wa anga, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao Entebbe. Ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Tangu mwaka 2021 wakuu wa nchi wameridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Wakala wa Entebbe una wahandisi na wakaguzi lakini hauna wanaistilahi; Kamisheni ya Zanzibar ina wanaistilahi lakini haina ndege. Baina ya Entebbe na Zanzibar kuna ndege za kila wiki. Wataalamu kumi wakikaa meza moja kwa majuma mawili wanaweza kutoka na orodha ya maneno mia tatu yanayomhusu abiria, yakiwamo yale mawili yatakayotenga safari iliyochelewa na safari iliyofutwa.

Kila tarehe 7 Julai, tangu Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liitenge siku hiyo mwaka 2021, Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa, na wajumbe husafiri kwa ndege kwenda kuhutubia makongamano juu ya ustawi wa lugha hii. Wapitapo Embakasi, na watazame fomu wanazopewa kujaza. Na mwaka mmojawapo, kabla ya kupanda jukwaani, mmoja wao apoteze sanduku kisha ajaribu kulidai kwa Kiswahili.